Aliyetaka Risasi Ziishe

Siku yangu ya mwisho kazini mlinikatia keki iliyochorwa kulungu, na mmoja wenu akaniuliza kama nitaandika chochote kwa ajili yenu mnaobaki. Nikasema nitaona. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza kaunta ya nyuma, pale penye bunduki na risasi, niliposimama miaka yote ile, halafu nitawaeleza habari za mteja mmoja ambaye baadhi yenu mlimwona bila kumjua.

Nilipofika Euless, Texas, kutoka Mombasa, kazi niliyoijua ilikuwa kuuza vitambaa na marashi dukani kwa mjomba wangu. Mume wangu aliendesha teksi ya uwanja wa ndege, na duka letu la vifaa vya michezo na uwindaji lilikuwa karibu na nyumbani. Hata kwa miguu ningefika, ingawa kule mtu akitembea kwa miguu watu husimamisha gari kumuuliza kama yuko salama. Niliomba kazi upande wa viatu. Wiki hiyohiyo mtu wa kaunta ya nyuma akaacha kazi, nikapelekwa mimi. Nikasimama na mtandio wangu mbele ya ukuta wa bunduki. Mteja wangu wa kwanza alinitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena, kisha akauliza viatu viko wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Miss Loretta. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa Mzungu wa huko huko Texas, mwembamba, nywele nyeupe kazisuka mkia mmoja, na sauti ya mtu aliyewahi kuvuta sigara sana. Hata maneja alimwita Miss Loretta, na alimwogopa kidogo. Somo la kwanza alinipa boksi la risasi lisilozidi mche wa sabuni, mkono ukanizama. Akaniambia watu wa kaunta hii hawaumizwi na bunduki, wanaumizwa mgongo, kwa sababu ya kudharau boksi dogo. Inua kwa magoti. Nawaambia na nyinyi, maana nimewaona mkiinama kama mnaokota embe.

Somo la pili lilikuwa kutokisia. Mteja akisema hajui bunduki yake inakula risasi gani, mrudishe nyumbani akasome maandishi yaliyo kwenye mtutu. La tatu ndilo lililonichukua muda mrefu. Alisema nitazame mikono ya mtu, midomo niiache. Na mtu akinitia wasiwasi, ninayo haki ya kutomuuzia. Niseme hapana kwa upole, nisitoe sababu, kwa kuwa sababu ni mlango, naye atapitia hapo hapo kuingia kwenye mabishano.

Biashara ya risasi ina misimu miwili, msimu wa kulungu na msimu wa hofu. Wa kulungu uko kwenye kalenda. Wa hofu huja baada ya uchaguzi, huja baada ya watoto kuuawa shuleni mahali fulani, huja kukisemwa kwamba kuna sheria inakuja. Mara ya kwanza sikuelewa. Watu walikuwa wameuawa kwa risasi, na kesho yake watu wakaja kununua risasi. Nilimuuliza Miss Loretta. Aliendelea kupanga rafu, akasema kwamba mvua ikinyesha watu hununua miavuli, na hapa kila mtu anaamini mvua ni yule mwingine.

Miss Loretta alistaafu, akaniachia kiti chake kirefu. Miaka baadaye ukaja ule ugonjwa uliofungia watu ndani, na hofu ikakaa misimu yote. Foleni ilianza kabla mlango haujafunguliwa. Maneja akabandika tangazo kwamba kila mteja ana kikomo cha maboksi, na hapo ndipo nilipojua watu wazima wanavyoweza kuzozana. Kuna aliyesema garaji yake ni yake, hakuna anayemuuliza mtu ana magunia mangapi ya mchele. Mama mmoja nyuma yake akamjibu kwamba mchele wake haumtishi jirani. Mzee mmoja mwindaji alitaka boksi moja tu, akaondoka mikono mitupu, akilalamika kwamba waliojaza vyumba ndio waliomnyima. Mabishano hayo niliyakuta redioni nikirudi nyumbani, nikayakuta msikitini, na jirani yangu nesi, Mkenya mwenzangu, akaniambia hata kanisani kwao watu walikaribia kununiana. Wengine walisema ni haki, wengine wakasema ni wazimu. Mimi nilikuwa nauza tu. Muuzaji husikia pande zote, na hulipwa anyamaze.

Katika foleni hizo ndipo alipokuja Baba Esperansi. Alikuwa Mkongo wa Kivu, mtu wa makamo, anafanya kazi ya kupakia mizigo ya ndege. Aliposikia Kiswahili changu cha pwani uso wake ulifunguka. Alinunua risasi za bastola, aina moja tu, kwa kiasi kilichoruhusiwa. Wiki iliyofuata alirudi. Na nyingine. Mikono yake niliitazama kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imetulia. Alilipokea boksi kama mtu anayepokea mtoto wa watu, kwa mikono miwili.

Kikomo kilipoondolewa akawa anachukua zaidi. Siku moja mchana, duka likiwa tulivu, nilimuuliza ana bastola ya aina gani, maana hajawahi kunitajia. Tulikuwa tumeshazoeana, yeye aliniita Mama Zuhura.

“Mimi sina bunduki,” akasema. “Sijawahi kuwa nayo. Siitaki.”

Nikamuuliza sasa risasi ni za nini. Alitazama rafu nyuma yangu.

“Kwetu nimeona chakula inaisha,” akasema. “Dawa inaisha. Batu banaisha. Masasi tu ndiyo haikuishaka, hata siku moja. Halafu nikakuya hapa kwako, nikaona rafu iko tupu. Moyo yangu ilifurahi, Mama Zuhura. Nikasema, kumbe inaweza kuisha.”

Nikamwambia zile hazikuisha, zilikuwa zimehamia majumbani kwa watu, na kiwanda kinaendelea kutengeneza nyingine. Akasema anajua, yeye si mtoto. Akaniuliza, mimi nikifagia nyumba, vumbi halirudi? Na nikiona limerudi, naacha kufagia?

“Yenye iko kwangu,” akasema, “haiko ndani ya mutu.”

Akalipa, akasema merci, akaenda zake. Nimeuza risasi kwa watu wa kila namna, kwa wawindaji na polisi, kwa waoga na wenye majigambo. Huyu ndiye peke yake aliyenunua ili zisitumike.

Mkewe, Furaha, alikuja mwezi huo. Alifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kulea wazee. Hakujua lolote kuhusu mazungumzo yetu. Alijua tu kwamba maboksi yamejaa kabatini, yamejaa nyuma ya makochi, na sasa yako chini ya kitanda cha binti yao Esperansi. Alidhani mumewe anajiandaa kwa vita. Alinisihi, dada, usimuuzie tena. Nilimpeleka kwenye benchi la kujaribia viatu, tukakaa, nikamweleza nilichoambiwa.

Mteja mmoja akaja akajaribu jozi nzima ya buti kando yetu, akaondoka. Kisha Furaha akaniambia, kama alivyosimuliwa na watu wa kwao, kwamba mumewe alizika ndugu zake wote, kwa mikono yake, na kwamba miaka yote ya ndoa hajawahi kulitamka.

“Angekuwa mwendawazimu ningemkasirikia,” Furaha akasema. “Sasa nitamkasirikia namna gani?”

Hata hivyo chini ya kitanda cha mtoto ni chini ya kitanda cha mtoto. Baba Esperansi aliporudi nilimwambia sitamuuzia tena. Kwa mara ya kwanza nilivunja somo la Miss Loretta, nikatoa sababu: mkeo haoni usingizi. Hakubishana. Aliniuliza hali ya mume wangu, akaaga. Nikajua atakwenda duka jingine, na alikwenda, na nyingine akaziagiza mtandaoni zikaletwa mlangoni kama mtu anayeagiza dawa ya meno.

Kisha moto ukatokea kwenye apatimenti zao. Chini ya nyumba yao kulikuwa na mama kijana aliyesahau mafuta jikoni. Wazima moto walipofika, jirani mmoja akawaambia ghorofa ya juu imejaa risasi, nao wakawarudisha watu nyuma na kuingia kwa tahadhari. Hakuna aliyeumia, hakuna risasi iliyolipuka, lakini nyumba ya yule mama iliteketea yote, na yeye aliamini kwamba bila zile risasi wangewahi kuiokoa. Labda. Sijui, na sidhani kama kuna anayejua.

Wasimamizi wa apatimenti wakaita mkutano katika ukumbi ulio kando ya bwawa la kuogelea. Furaha aliniomba nisindikizane naye. Ukumbi ulijaa, na yale mabishano yote niliyoyasikia kaunta yakaja humo. Yule mama aliyeunguliwa alisema mwanawe alikuwa analala chini ya ghala la risasi bila yeye kujua. Mwingine akauliza mtu huyu anajiandaa kwa jambo gani. Ndipo akasimama jirani yao, Bwana Wade, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, akamtetea Baba Esperansi kwa moyo wake wote. Alisema mtu ana haki ya kuweka akiba, mtu huyu ametoka nchi ya taabu na anajua thamani ya kulinda familia, na yeye Wade anayo akiba kubwa kuliko hiyo wala haoni haya. Alisema, huyu ni mwenzetu. Baadhi wakapiga makofi.

Nilimtazama Baba Esperansi. Alikuwa ameinama. Waliomlaumu walikuwa wanamlaumu mtu mwingine, na aliyemtetea alikuwa anamtetea mtu mwingine.

Msimamizi akamuuliza kama angependa kusema lolote. Alisimama, akazungumza Kiswahili chake, na Esperansi akasimama kando yake kutafsiri. Msichana huyo alikuwa anamaliza shule ya sekondari. Baba yake akimsemesha kwa Kiswahili, yeye alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. Alitafsiri vizuri, haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. Baba aliomba radhi kwa mama aliyeunguliwa. Alisema hana bunduki. Kisha akataja wadogo zake, kila mmoja kwa jina, na akasema kila mmoja risasi ilimwingilia wapi.

Esperansi akanyamaza. Hakuwa amewahi kusikia majina hayo. Watu walingoja. Baba yake hakumharakisha. Mwishowe akayasema kwa Kiingereza, yote, sauti ikiwa chini, akafikia lile neno la mwisho, kwamba iliyo nyumbani kwangu haimo ndani ya mtu. Bwana Wade alikuwa bado amesimama. Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama kijana alilia. Msimamizi naye machozi yalimlengalenga, lakini kanuni ni kanuni. Akasema kwa upole kwamba risasi ziondoke au familia iondoke, kabla mwezi haujaisha.

Sasa fikirini nyinyi, watu wa kaunta: risasi unazipeleka wapi? Aliniuliza mimi, nami nikaulizia kila mahali. Polisi wangezipokea, lakini yule ofisa alinieleza ukweli kwamba za kiwandani, zilizo kwenye maboksi yasiyofunguliwa, wangezitumia kwenye mazoezi yao. Viwanja vya shabaha vingezifyatua. Maghala ya kukodi hayataki kabisa. Bwana Wade alikwenda mlangoni kwao kofia mkononi, akajitolea kuzinunua zote, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta jema la kufanya, na hilo ndilo alilokuwa nalo. Baba Esperansi alimshukuru, akakataa. Katika jiji lote hili, na majiji yaliyoungana nalo, hapakuwa na mahali pa kupeleka risasi ikakaa tu, isipigwe.

Furaha hakuweza kungoja. Alimchukua Esperansi, wakahamia Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa dada yake. Hawakuachana, alisisitiza kila mtu aelewe hivyo. Baba Esperansi akakodi kijumba kikuukuu nje kabisa ya Fort Worth, kwa mwenye nyumba asiyeuliza. Mume wangu alimsaidia kuhamisha kwa gari. Alirudi akaniambia kwamba kwenye vyumba viwili vile kulikuwa na kitanda kimoja, sufuria, na maboksi mpaka dirishani. Kila Jumapili aliwapigia simu binti yake na mkewe. Kila aliponipigia mimi aliniuliza kama rafu imejaa. Nilimwambia imejaa. Sikuona faida ya kumdanganya.

Alianguka kazini, kwenye ghala la mizigo, akiwa anaongea na mwenzake. Moyo. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshatutoka. Daktari alimwambia Furaha kwamba ulikuwa ugonjwa wa siku nyingi, ungeweza kumkuta popote. Namwamini daktari. Lakini mimi ninayejua uzito wa yale maboksi, ninajua pia kwamba aliyapandisha ngazi peke yake, akayashusha karibu yote peke yake, baada ya kubeba mizigo ya watu mchana kutwa.

Kanisa lao la Wakongo lilimwimbia vizuri. Wengine nje walinong'ona kwamba marehemu kichwa hakikuwa sawa, na wengine wakasema hapana, alikuwa mtu wa Mungu. Hata pale mabishano hayakuisha. Nilimkuta Miss Loretta benchi la nyuma kabisa, amevaa nguo nyeusi iliyompwaya. Nilikuwa nimemsimulia habari za mteja huyu kwa simu, nikidhani nampitishia muda tu. Alikuwa amejiendesha mwenyewe, katika umri ule, kuja kumzika mtu asiyemjua.

Baada ya mazishi Furaha alinishika mkono. Hakuzungumzia maisha yake wala mipango. Aliuliza jambo moja, zile risasi afanye nazo nini, maana mwenye kijumba anataka nyumba yake, na yeye hawezi kuzitoa zikafyatuliwe. Nilimtafsiria Miss Loretta. Akafikiri kidogo, akasema ziletwe garajini kwake.

Miss Loretta na marehemu mumewe walikuwa wakijitengenezea risasi za kuwindia, na anayejua kuunda hujua na kufumua. Anacho kifaa kama nyundo, chenye kichwa cha plastiki kilicho wazi ndani. Risasi hutiwa humo, nyundo hupigwa juu ya gogo, na ile ncha ya madini huchomoka kutoka kwenye ganda. Msijaribu. Yeye anajua zipi zinafaa na zipi haziguswi, na kile kiwashio kinachobaki kitakoni mwa ganda hukimaliza mwenyewe, hataki mtu amkaribie.

Siku ya kwanza ilikuwa asubuhi, mlango wa garaji umefunguliwa wazi. Tulikuwa sisi watatu na Esperansi. Furaha alivaa miwani ya kukinga macho, akapiga nyundo. Hakupiga kwa nguvu; hakuna kilichotoka. Miss Loretta akamwambia apige kama amekasirika. Nilimtafsiria. Akapiga tena, na tena, na mara ya tatu tukasikia kitu kimelegea. Miss Loretta akafungua kile kichwa, akamiminia vilivyomo kwenye kibakuli. Kilitoka kipande kidogo cha madini mekundu, na baruti kiasi cha kijiko cha chai kisichojaa, chembe ndogo za kijivu.

Furaha aliinamia kibakuli kwa muda mrefu. Aliigusa baruti kwa kidole, akakitazama kidole chake.

“Ni hii tu?” akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Esperansi alikuwa ameshamtafsiria. Miss Loretta akasema ndiyo, mpenzi, ni hiyo tu.

Tuliendelea kupiga nyundo mpaka saa sita. Baruti Miss Loretta huinyunyiza kidogo kidogo kwenye maua yake, anasema ni mbolea nzuri. Madini huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Furaha akipata likizo huja kutoka Houston, Esperansi akiendesha gari. Mimi nimestaafu, nina nafasi. Mkono wangu wa kulia unauma, na Miss Loretta ananiambia ninashika nyundo vibaya, kama alivyoniambia nashika kila kitu vibaya tangu tulipoonana. Bado hatujafika popote. Ukiingia kwenye garaji ile huwezi kujua kama kuna kilichopungua.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu kuniambia kwamba mmepokea mzigo mkubwa kuliko wote mliowahi kuuona, maboksi yamefika mpaka njia ya kupitia wateja, na mkatamani ningekuwepo niwasaidie kupanga. Nilikuwa garajini. Nilipokata simu Furaha aliuliza ni nani. Nikamwambia ni vijana wa kazini kwangu, wananijulia hali.

Akasema niwasalimie sana. Kisha akachukua nyingine, akaitia ndani ya nyundo.